Haditopu, posti, fastibeki, konvetibo: namna ya kuzisoma bodi za gari za misuli za Kimarekani

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi niko Columbus, Ohio, nimekuwa nikiweka hela kidogo kidogo ninunue gari moja ya zamani ya Kimarekani, zile za misuli, zenye injini kubwa na nguvu nyingi. Nimepata Plymouth Road Runner mbili za 1968, zote injini 383 (inchi za ujazo), zote milango miwili, zote paa la bati, na hali zao kwa macho yangu zinalingana. Ila moja bei iko juu sana, muuzaji ananiambia hii ni haditopu, ile nyingine ni posti tu. Mimi naona paa ni lile lile! Alafu nikipitia matangazo nakutana na fastibeki, nochibeki, sijui SportsRoof, nachanganyikiwa kabisa. Tofauti ni nini hasa, na wewe ungechukua ipi?"

Marahaba kaka. Nafurahi umeuliza kabla hujatoa hela, manake watu wengi wanafungua boneti kwanza, wanaangalia injini na beji, bodi wanaiangalia mwisho kama rangi tu. Kwenye gari hizi mambo yako kinyume chake. Injini inang'olewa na kurudishwa wikiendi moja, giaboksi hivyo hivyo, lakini bodi iliyotoka nayo kiwandani ndo gari yenyewe, ndo inaamua bei, inaamua itatulia vipi barabarani, na inaamua kutu utaikuta imejificha wapi. Kwahiyo nitakujibu kwa urefu, vumilia.

Tuanze na nguzo ya kati maana hapo ndo penye swali lako. Nenda kasimame ubavuni mwa gari, shusha vioo vyote vya upande huo, cha mlangoni na kile kidogo cha nyuma yake. Ukiona kuna nguzo ya chuma imesimama katikati, imetoka chini sakafuni ikapanda mpaka paani, hiyo ni posti. Ukiona uwazi mmoja mkubwa toka kioo cha mbele mpaka nguzo ya nyuma, hakuna kitu chochote katikati, hiyo ndo haditopu. Basi. Paa la bati zote mbili zinalo, ndo maana ulipoangalia juu hukuona tofauti, ulitakiwa uangalie ubavuni na vioo vikiwa chini, vikiwa juu ni rahisi kudanganyika hasa kama nguzo imepakwa nyeusi au imefunikwa na utepe wa kromu.

Haditopu haikuanza na gari za misuli, ilikuwepo muda mrefu. General Motors (GM) ndo walioisambaza mwaka 1949 kwa Buick Roadmaster Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile 98 Holiday, wazo likiwa kumpa mteja muonekano wa gari la wazi bila usumbufu wa turubai linalovuja na kuchanika. Wamarekani wakaipenda vibaya mno, ikafika miaka ya 60 mtu anayetaka gari ya kupendeza ya milango miwili anachukua haditopu, na posti ikabaki kuwa gari ya mtu anayebana matumizi, ya kampuni, ya mfanyabiashara anayezunguka na sampuli zake. Hiyo heshima ya haditopu haijaondoka mpaka leo, ndo hiyo muuzaji wako anakutoza.

Sasa Road Runner ina habari yake. Plymouth mwaka 1968 walitaka gari ya kijana asiye na hela, injini kubwa, mengine yote yapunguzwe. Walilipa Warner Bros dola 50,000 kutumia jina na picha ya yule ndege wa katuni, wakaweka honi inayolia kama yeye, alafu ndani wakabana kila kitu, siti ya mbele ya benchi, sakafuni mpira badala ya zulia. Na bodi waliyoichagua kuanzia ni posti, tena kwa makusudi, kwa sababu ndo rahisi kutengeneza, bei ya chini kabisa ikawa dola 2,896. Haditopu ilikuja baadaye ndani ya mwaka huo huo wa modeli kwa dola 3,034, konvetibo, yaani ya paa la turubai linalokunjwa, ikaongezwa 1969. Kwahiyo hiyo "posti tu" unayoambiwa ndo Road Runner ya kwanza, ndo wazo lenyewe lilivyotoka vichwani mwa waliolibuni. Mwaka ule waliuza karibu gari 45,000 na sehemu kubwa zilikuwa posti. Hii ndo sababu nyingine ya bei, haditopu za 1968 ni chache kuliko posti, na soko linalipia uchache hata pale uchache hauna faida yoyote kwa dereva.

Ukitaka kuzitofautisha zikiwa zimeegeshwa na vioo viko juu, angalia kile kioo kidogo cha nyuma. Kwenye posti hakishuki, kimefungwa kwa bawaba mbele na kina kikufuli nyuma, unakisukuma kinatoka nje kidogo tu kupitisha hewa. Kwenye haditopu kuna mpini wa kuzungusha pale kwa abiria wa nyuma na kioo kinashuka chote. Kaa siti ya nyuma upapase ukutani, mpini upo au haupo, hilo halina ubishi.

Ipi ni bora? Kwa nguvu ya bodi, posti. Ile nguzo inashika paa na sakafu pamoja, bodi haijipindi sana ukikanyaga mafuta, na milango inabaki kukaa sawa miaka mingi. Watu wa mashindano ya robo maili walilijua hili mapema. Ford mwaka 1964 walipotaka gari ya kwenda kushinda kwenye robo maili walichukua Fairlane ya posti, sio haditopu, wakaingiza injini 427, wakaiita Thunderbolt, wakatengeneza kama 100 hivi. Gari zile leo ni hazina na kwa sura ni kama gari ya mwalimu mkuu.

Haditopu yenyewe ugonjwa wake ni vioo. Kioo cha mlango hakina fremu, hakina nguzo ya kuegemea, kinategemea mpira tu na kukutana kwake na kioo cha nyuma, na hapo ndipo maji na upepo vinapopita baada ya miaka hamsini na kitu. Fanya hivi: pandisha vioo vyote, funga mlango taratibu, alafu angalia ule mstari kioo kinapokutana na kioo. Unatakiwa uwe na upana mmoja juu mpaka chini. Ukiona juu pamebana chini pamefunguka, au kioo cha mlango kinagusa mpira wa paani upande mmoja tu, jua aidha bawaba za mlango zimechoka au bodi imeshuka. Sasa fungua mlango kama sentimita kumi, uushike kwa chini uunyanyue. Ukicheza juu chini, ni bawaba, hiyo rahisi, pini na bushi zinauzwa. Ukiwa mgumu hauchezi lakini mstari bado haukai sawa, hapo kuna kazi ya chuma chini, vizingiti au sakafu imeliwa, na usikubali mtu akuambie ni mpira tu wa kubadilisha.

Kwa General Motors mambo yalikuwa na utaratibu wake. Pontiac GTO ilipotoka 1964 kama nyongeza juu ya Tempest LeMans ulikuwa unachagua bodi tatu, posti, haditopu, konvetibo, na ikaendelea hivyo mpaka 1967. Mwaka 1968 wakaja na bodi mpya kabisa na posti ikaondoka kwa GTO, zikabaki haditopu na konvetibo. Bodi hiyo ya 1968 mimi naipenda kuliko zote za GM, na kuna kitu walikifanya ambacho watu hawakioni: gari za milango miwili zilipewa umbali wa inchi 112 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, za milango minne zikapewa inchi 116. Kabla ya hapo zote zilikuwa inchi 115. Ndo maana Chevrolet Chevelle au GTO ya 1968 inaonekana imejikunja kama iko tayari kuruka, boneti ndefu, buti fupi, sio rangi wala beji, ni zile inchi tatu zilizoondolewa katikati.

Na ujue Chevelle, GTO, Oldsmobile 442 na Buick GS za miaka hiyo mifupa ni ya ukoo mmoja, bodi zinatoka Fisher Body, kampuni ya GM hao hao, utaona kibati chao kidogo kizingitini ukifungua mlango. Kioo cha mbele cha za milango miwili 1968 mpaka 1972 kinaingiliana, hiyo inaokoa hela sana ukivunja kioo cha gari adimu. Pua na mkia ndo wanaachana, kila kampuni na sura yake.

Chevelle SS (Super Sport, toleo la nguvu) ina mtego mmoja. Mpaka 1968 SS 396 ilikuwa haditopu na konvetibo, watu wakazoea, ila 1969 SS ikawa kifurushi cha nyongeza na ungeweza kukiagiza hata kwenye Chevelle ya bei nafuu, 300 Deluxe ya posti. Watu wengi wakiiona SS ya posti ya 1969 wanasema feki, wakati inaweza kuwa halali kabisa na tena adimu. Kinyume chake pia kipo, mtu ana 300 ya kawaida anabandika beji. Hapo unahitaji makaratasi, macho hayatoshi. Oldsmobile walienda mbali zaidi, 442 ya mwaka wa kwanza, 1964, ilitoka kwenye kifurushi cha gari za polisi na ungeweza kuipata hata ya milango minne. Chache sana zilitengenezwa, lakini zipo.

Gari ndogo zilibaki na posti moja kwa moja. Chevrolet Nova kuanzia 1968 milango miwili yote ni posti, hakuna haditopu, kwahiyo mtu akikuuzia Nova SS ya 1970 "haditopu" ujue hajui anachouza. Plymouth Duster 340 ya 1970 hivyo hivyo, posti, na kwa hela yake mimi naona ni moja ya gari bora kabisa zilizowahi kutoka Detroit, nyepesi, injini ndogo inayopanda mizunguko haraka, bei haikuwa ya kutisha. Nikiendelea na Duster sitamaliza.

Tuje kwenye nyuma ya paa, hapo ndo kuna fastibeki na nochibeki. Hii ni habari nyingine, haihusiani na nguzo ya kati. Nochibeki paa linashuka, kioo cha nyuma kinasimama, alafu buti linaanza kama ngazi, unaona kona. Fastibeki paa linateremka kwa mstari mmoja kuelekea mkiani bila kukatika. Ford Mustang ndo darasa zuri la hili. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York ikiwa na bodi mbili tu, haditopu yenye kona nyuma na konvetibo. Fastibeki ikaja mwezi wa tisa mwaka huo. Na angalia watu walinunua nini kweli: mwaka wa modeli 1965, ukihesabu na zile za mwanzo, Mustang zilikuwa 680,989, katika hizo haditopu ni 501,965, konvetibo 101,945, fastibeki 77,079. Yaani ile bodi ambayo leo kila mtu anaitaka, inayobandikwa kwenye mabango na fulana, enzi zake ndo ilikuwa ya mwisho kwa mauzo. Leo fastibeki ya 1965 inaiacha mbali haditopu ya mwaka huo huo, na wamiliki wa haditopu wananyanyasika bila sababu maana kuanzia mlango kwenda mbele ni gari ile ile.

Hizo fastibeki zenyewe sio moja. Za 1965 na 1966 paa linaishia kabla ya mkia, kuna kibuti kifupi nyuma, na kwenye nguzo ya nyuma kuna mapezi ya kupitishia hewa, yanafanya kazi kweli, unayafungua ndani kwa kitelezi. Carroll Shelby, dereva wa mashindano aliyegeuka mtengenezaji wa gari, alipochukua fastibeki kutengeneza GT350 ya 1965 aliondoa siti ya nyuma ili ihesabike gari ya watu wawili kwenye mashindano, na ya 1966 akatoa yale mapezi akaweka vioo vya plastiki, hivyo ukiona dirisha pembeni pale kwenye Shelby ni 1966. Mwaka 1967 Ford wakapanua gari na kulishusha paa mpaka mwisho kabisa wa mkia. Mwaka 1969 wakaanza kuiita SportsRoof, hilo jina ni la biashara tu, ni fastibeki. Mach 1 na Boss 302 na Boss 429 zilitoka kwa bodi hiyo peke yake, kwahiyo ukiona "Boss 302 haditopu" kimbia. Za 1971 mpaka 1973 paa la nyuma limelala karibu kama meza, zinapendeza ukiwa nje, ukiwa ndani unarudi rivasi kwa imani maana kioo cha nyuma kinakuonyesha anga.

Mustang haikuwa ya kwanza. Plymouth Barracuda iliitangulia wiki mbili, tarehe 1 Aprili 1964, nayo ni Valiant iliyovishwa kioo kikubwa ajabu nyuma, futi za mraba 14.4, kimejikunja kuzunguka mgongo mzima wa gari. Kizuri kukitazama, ila ukikivunja kukipata ni shughuli pevu. Kizazi cha pili, 1967 mpaka 1969, kilikuwa na bodi zote tatu, fastibeki, nochibeki, konvetibo, na ile nochibeki ina paa dogo la mviringo ambalo watu hulisahau, mimi nalipenda. Kizazi cha 1970 fastibeki ikaondolewa kabisa.

Chevrolet Camaro haijawahi kuwa na fastibeki kwenye kizazi cha kwanza, 1967 mpaka 1969, ni haditopu na konvetibo. Ya 1970 ikabadilika, konvetibo ikafa, milango ikarefushwa na dirisha dogo la nyuma likaondolewa, mlango unaishia moja kwa moja kwenye nguzo ya nyuma. Pontiac Firebird hivyo hivyo, ndugu zake.

Charger sasa. Hii ndo inanifanya nipende kazi hii. Dodge Charger ya 1966 na 1967 ni fastibeki kamili, paa linateremka mpaka mwisho, pana, kubwa. Ya 1968 wakabadilisha: kwa ubavuni ukiiangalia unaona paa limeteremka kama fastibeki, lakini zunguka nyuma uone, kioo kimezama ndani kimesimama, na pembeni yake nguzo mbili za bati zimeendelea kuteremka peke yake mpaka kwenye buti. GTO na Chevelle haditopu za 1966 na 1967 nazo zina mtindo wa kioo kuzama, sio kwa ukubwa huo. Kwa macho hakuna kitu kizuri zaidi. Kwa upepo ilikuwa balaa, ukienda kasi sana hewa inashuka toka paani inakuta lile shimo inazunguka humo na kunyanyua mkia, kwenye viwanja vya NASCAR, yale mashindano makubwa ya gari ya Marekani, wakawa wanaachwa na Ford Torino na Mercury Cyclone zenye fastibeki laini. Dodge wakajibu na Charger 500 ya 1969, wakafunika lile shimo kwa bati na kioo kilicholala sawa na nguzo, grili wakaisogeza mbele ikawa bapa. Haikutosha, ndo ikaja Charger Daytona mwaka huo huo, pua ya mshale na spoila ya nyuma yenye kimo cha inchi 23. Dereva Buddy Baker akaendesha Daytona hiyo kwenye uwanja wa Talladega tarehe 24 Machi 1970 akavuka maili 200 kwa saa.

Plymouth wakafuata na Superbird ya 1970 juu ya Road Runner, na hapa kuna kitu cha kuangalia kwa karibu. Ili kuweka kioo cha nyuma chenye umbo jipya walikata na kuchomelea kipande cha bati kuzunguka kioo. Kusawazisha lile chomelea mpaka lisionekane ni kazi ya muda mrefu na kiwandani muda haukuwepo, kwahiyo wakafunika paa zima kwa vinaili nyeusi, kile kitambaa cha plastiki. Superbird zote zilitoka na paa la vinaili. Mtu akikuonyesha Superbird ya paa la rangi tupu, muulize paa lake lilikwenda wapi.

Na vinaili kwa ujumla, kaka, ni ya kuogopa. Inapendeza, miaka ile ilikuwa fasheni, Dodge Challenger SE ilikuja nayo pamoja na kioo cha nyuma kilichofanywa kidogo zaidi ili ionekane ya kifahari, Mustang Grandé nayo ilipatikana na paa la vinaili. Ila chini ya vinaili maji yanakaa. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kioo cha nyuma chote, ukisikia inakwaruza chini kama kuna mchanga au kuna vipele, pale bati limeanza kuoza na kutu imenyanyua kitambaa. Gari zenye kioo kilichozama, hizo Charger na GM za 1966 na 1967, angalia pembe za chini za kioo hata kama hakuna vinaili, maji yanatuama kule alafu yanadondokea kwenye buti, kwahiyo fungua buti, nyanyua zulia, tazama sakafu yake na pale mfuko wa tairi la spea unapoanzia.

Konvetibo nitaipitia haraka maana hujaiulizia, ila ujue kuliko zote ndo inahitaji mtaalamu. Bodi bila paa ni kama boksi la viatu bila mfuniko, ukilishika pembe mbili linajipinda. Kiwandani waliongeza chuma chini, vizingiti vinene, sahani za kuimarisha chini ya sakafu, ndo maana konvetibo inazidi uzito haditopu kwa zaidi ya pauni 100. Camaro na Firebird za 1967 konvetibo zilifungwa mapipa mazito ya chuma kwenye pembe za bodi, ndani yake kuna uzito unaoelea kwenye mafuta, kazi yake kuua mtetemo, na watu wengi waliyatoa wakidhani ni mzigo usio na maana. Ukipima konvetibo yoyote, weka jeki katikati ya kizingiti uinyanyue kidogo huku ukiangalia nafasi kati ya mlango na nguzo ya nyuma, nafasi ikibadilika dhahiri chuma cha chini kimekwisha. Bei zake kwa zile za injini kubwa haziko duniani hapa, Plymouth 'Cuda (Barracuda ya nguvu zaidi) konvetibo ya 1971 yenye Hemi, ile injini kubwa ya mashindano ya Plymouth na Dodge, zilitengenezwa 11 tu na moja iliuzwa mnadani Seattle Juni 2014 kwa dola milioni 3.5.

Ukubwa nao unachanganya watu kwa sababu picha hazionyeshi. Challenger na Barracuda za 1970 zinafanana kama mapacha ila Challenger ni inchi 110 kati ya ekseli, Barracuda 108, vipande vya nje haviingiliani. Mercury Cougar ni Mustang iliyorefushwa toka 108 mpaka 111. AMC wao walichukua Javelin ya inchi 109, wakakata inchi 12 nzima, siti za nyuma zikaondoka, ikawa AMX ya watu wawili, 1968 mpaka 1970.

Haditopu zilikufa kwa hofu ya sheria. Serikali ya Marekani ilikuwa inaleta masharti ya paa kuhimili kubanwa gari ikipinduka, kampuni zikaona bodi zisizo na nguzo na konvetibo hazina maisha, GM wakatoa gari zao za kati za 1973 zote na nguzo ya kati na kile kioo kidogo cha nyuma hakifunguki kabisa. Mustang konvetibo ikasimama mwaka huo huo.

Sasa usiamini macho peke yake wala maneno ya muuzaji, soma namba ya chesisi. Kwenye Road Runner yako ya 1968 iko juu ya dashibodi upande wa dereva, unaiona toka nje kupitia kioo. Inatakiwa ianze na RM. Zikifuata 21 ni posti, zikifuata 23 ni haditopu, konvetibo za 1969 kuendelea ni 27. Baada ya hapo kuna herufi ya injini, H ndo 383 ya Road Runner, J ni Hemi, alafu 8 ya mwaka 1968. Kwahiyo posti yako isomeke RM21H8 na haditopu RM23H8. Ikianza na RL au RH hiyo ni Belvedere au Satellite imevishwa beji, na bei yake iwe ya Belvedere. Mustang za 1965 na 1966 angalia nafasi ya tatu na ya nne ya namba, 07 haditopu, 08 konvetibo, 09 fastibeki, kuanzia 1967 zikawa 01, 03 na 02. GTO za 1966 na 1967 namba inaanza 24207 kwa posti, 24217 haditopu, 24267 konvetibo.

Tumalizie na lako. Mimi ningechukua posti, bila kusita, kwa sharti kwamba zote mbili kweli zina hali moja chini, sio juu tu. Ni gari ile waliyoikusudia, imekaza zaidi, haivuji kirahisi, na tofauti ya bei unaiweka kwenye breki, mipira, na fundi mzuri wa kuchomelea, Ohio chumvi ya barabarani wakati wa baridi imekula gari nyingi na usishangae sakafu zikihitaji kazi. Haditopu ningeichukua kwa sababu mbili tu: kama unapanga kuiuza baada ya miaka michache, maana itanunulika haraka, au kama moyo wako unataka kuendesha jioni ya mwezi wa saba vioo vyote vikiwa chini hakuna nguzo pembeni, hiyo raha posti haikupi na siwezi kukudanganya.

Kabla hujalipa hata dola ya kushikia, nenda na tochi na sumaku ndogo. Sumaku ipitishe chini ya milango, nyuma ya magurudumu ya nyuma na kwenye pembe za kioo cha nyuma, pale isiposhika kuna pati nene na chini yake hakuna bati. Alafu nitumie picha ya namba ya chesisi ya kila gari, na picha ya sakafu ya buti zulia likiwa limetolewa, tuziangalie pamoja.